Nyumba ya Roshani, Sehemu ya Saba: Mbele Ilikuwa Wapi?

Kuna uvumi unaoingia sikio hili ukatokea sikio lile. Huu haukutoka. Ulimwingia fundi cherehani siku aliyokwenda kununua vitunguu, na tangu hapo alikuwa anakula nao, anashona nao, na akijinyoosha kitandani unajilaza naye ubavuni.

Aliyeutoa ni mama muuza vitunguu, tena bila nia mbaya, huku akipanga mafungu yake.

"Lakini fundi, watu wanasema Bi Mkubwa wenu hakupotea mjini. Wanasema siku ile ya kuvunja alionekana akirudi Nyumba ya Roshani, vitu vyote vimeshatoka. Akaingia ndani. Kutoka, hakuna aliyemwona."

Bi Mkubwa ni mama mzazi wa fundi. Na Nyumba ya Roshani, kwa wewe unayeanza kusoma leo, ni lile jumba la kale lililokuwa na roshani ya mbao iliyoning'inia juu ya barabara. Wageni walikuwa wanasimama kulipiga picha. Ndani walipanga watu wa kawaida, familia ya fundi ikiwemo, mpaka siku katapila lilipokuja na mtaa mzima ukalazwa chini. Siku hiyohiyo Bi Mkubwa akatoweka. Mvua zimekuja, zimekwenda, na yeye hajaonekana.

Wiki iliyopita tulimwacha fundi amepenya katikati ya mabati yaliyokizunguka kiwanja, na mkono wa mlinzi umemdaka begani.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani."

"Nyumba gani? Hapa hakuna nyumba. Hapa kuna shimo."

"Hapohapo ndipo ninapokwenda."

Mlinzi akamtazama juu mpaka chini. Mwanamke wa makamo, futi ya kushonea imening'inia shingoni, mkoba begani.

"Mama, wezi wa nondo wakikamatwa huniambia wameingia kujisaidia. Wewe ni wa kwanza kuniambia umerudi nyumbani."

Kelele zile zikamtoa msimamizi wa ujenzi ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi. Alikuwa kijana, kofia ngumu kichwani, kikombe cha chai mkononi.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu chini," fundi akasema, kabla mlinzi hajafungua mdomo.

Chai ikasimama njiani, haikufika mdomoni.

"Mtu gani?"

"Mama yangu."

Mabati yakagongwa tena na mwanaume mmoja akapenya akihema, aproni ya kinyozi kifuani, kitana kimechomekwa nyweleni. Huyu ni mdogo wake fundi, tumbo moja. Mtaani wanamwita Kinyozi, hata mkewe anamwita hivyo.

"Bosi, samahani. Samahani sana. Huyu ni dada yangu. Ni kweli mama alitupotea, lakini alitupotea mjini. Alikuwa ameanza kusahausahau. Maneno ya sokoni yamemwingia dada kichwani."

"Rudi kazini kwako," fundi akamwambia. "Sikukuita."

"Nimemwacha mteja ana ndevu upande mmoja kwa ajili yako."

"Basi rudi ukammalizie upande wa pili."

"Na wewe nani atakurudisha nyumbani?"

"Mimi nipo nyumbani."

Msimamizi akaweka kikombe juu ya pipa. Akauliza taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini: "Kabla nyumba haijavunjwa, nani aliikagua?"

"Mimi," Kinyozi akajibu. "Mimi mwenyewe, juu na chini. Hakukuwa na hata paka."

"Na mama yenu alikuwa wapi wakati huo?"

Hapo ndugu wawili wakakwepeshana macho.

Ni swali ambalo wameulizana mpaka limekwisha makali. Asubuhi ile ilikuwa ya vurugu. Amri ya kuhama ilikuja ghafla, vitanda vinashuka, masufuria yanagongana, watoto wanalia, katapila limeshaegeshwa mwanzo wa mtaa linanguruma. Fundi alidhani mama amepanda mkokoteni pamoja na mdogo wake. Kinyozi alidhani mama ametangulia na dada yake. Jioni walipokutana kwenye chumba kipya, kila mmoja alitua mzigo akamtazama mwenzake, akangoja mwenzake aseme mama yuko wapi.

"Kila mtu alijua yuko na mwenzake," fundi akasema.

Msimamizi akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Sikieni. Magari ya zege yako njiani. Leo tunamwaga msingi. Zege likishamwagwa, hata kama chini kuna nini, habari imekwisha. Siwezi kusimamisha kazi kwa uvumi wa sokoni, wakubwa wangu watanicheka. Lakini siwezi pia kumwaga zege juu ya mama wa mtu. Na mimi nina mama." Akatazama barabarani. "Ninyi mliishi humo?"

"Tulizaliwa humo," Kinyozi akasema.

"Nionyesheni ilipokuwa. Mkinionyesha mahali, nitachimba. Magari yakifika hamjanionyesha, mniache nifanye kazi yangu."

Shida ilianzia hapo.

Walisimama katikati ya kiwanja wakazunguka kama watu waliofungwa kitambaa machoni. Nguzo ya umeme iliyokuwa pembeni mwa nyumba imeng'olewa. Duka la kona limekwenda na kona yake. Mti uliokuwa unamwaga majani kwenye bati lao haupo hata kisiki. Barabara yenyewe imepanuliwa, ikahama, sasa inapita mahali ambapo zamani watu walikuwa wanalala. Kilichobaki ni kifusi kilichosawazishwa, rangi moja, huku na kule.

Fundi alikuwa na uwezo wa kufumba macho akatembea nyumba ile nzima bila kugonga ukuta. Alipoyafumbua, hakujua hata asimame wapi.

"Unaona?" Kinyozi akamnong'oneza. "Twende, dada. Unajiumiza bure."

"Kuna jiwe," msimamizi akasema. "Tulipokuwa tunasawazisha tulikuta kizingiti. Kizuri, cha kuchongwa. Nikasema kisiguswe, labda mwenye jengo atataka kukiweka mapambo. Njooni."

Akawapeleka karibu na barabara mpya. Akafukua vumbi kwa kiatu. Jiwe refu, jeusi, likatokea.

"Huu hapa mlango wa mbele wa Nyumba ya Roshani."

Fundi akalipanda. Mguu haukulala. Kingo za jiwe zilikuwa kali kama zimechongwa jana. Alihisi hivyo, akalisukuma wazo pembeni. Mtu aliyetafuta tangu mawingu ya mvua hayajakusanyika, ukimpa jiwe la kusimamia, hasemi ngoja kwanza nilichunguze.

"Mlango wa mbele," akarudia. "Basi nimepata."

Akatoa mkobani gurudumu la uzi mweusi na misumari michache ya kupigia fremu. Akafanya kama anavyofanya mezani kwake, mgongo wa nguo kwanza, mikono baadaye. Mgongo wa Nyumba ya Roshani ulikuwa ukumbi mmoja mrefu ulioikata nyumba katikati, mlango huku, mlango kule. Akafunga uzi kwenye msumari, akaupigilia pembeni mwa kizingiti, akamkabidhi mdogo wake gurudumu.

"Nenda nao moja kwa moja. Usipinde."

"Nipinde niende wapi, hakuna hata ukuta wa kunipinda."

Lakini alikwenda. Alivuta uzi hatua kadhaa, kisha akasimama.

"Hapa alikuwa analala yule mpangaji wa kukoroma."

"Huyo alikuwa mbele zaidi. Hapo ni kwa wale mapacha."

"Na hapa ndipo mama aliponinyoa mara ya kwanza. Alinikata sikio."

"Ndiyo ukawa kinyozi, unalipiza kisasi kwa watu wasio na hatia."

Kinyozi akacheka. Kicheko kikamponyoka, kikageuka njiani, akajifuta pua kwa aproni. Fundi akajifanya anatafuta msumari.

"Mama yenu," msimamizi akauliza, "akirudi ndani ya nyumba tupu, angekwenda chumba gani?"

"Asingekwenda chumbani. Angekwenda stoo," fundi akasema. "Chini ya ngazi kulikuwa na kistoo, unashuka kidogo. Kina ubaridi. Tangu alipoanza kusahau, vurugu zikizidi huko ndiko alikokuwa anajificha. Anakaa juu ya gunia, ananyamaza mpaka dunia itulie. Na siku ile vurugu zilizidi."

"Stoo iko wapi?"

"Ukiingia kwa mbele, mkono wa kushoto, palepale mwanzoni."

Akapima kwa futi yake, akapigilia misumari, akazungusha uzi. Kisanduku cheusi kikatokea juu ya kifusi, kidogo, cha kusikitisha, kama kipande cha kiraka.

Msimamizi akampigia mluzi mwendesha katapila. Huyu wanamwita Jino kwa sababu ya meno ya ndoo ya mashine yake, maana mwenyewe mbele ana pengo.

"Chimba hapa. Polepole."

"Polepole kama nani, bosi?"

"Kama unamfunua mtu shuka."

Ndoo ikashuka, ikakwangua, ikainuka. Fundi alisimama ukingoni mikono imeshikana kifuani. Kila ndoo ilipoinuka alikuwa anavuta pumzi, na kila ilipomwaga mawe matupu alikuwa haitoi.

Kisha ndoo ikagusa kitu, ikaparuza. Jino akazima mashine.

"Sakafu," akasema.

Kinyozi akaruka shimoni, akafuta kwa kiganja. Chini ya vumbi kukaonekana rangi. Nyekundu, iliyong'arishwa, nzuri kama ya juzi.

Akainua uso. "Dada. Nyekundu."

"Haiwezekani."

"Njoo uone mwenyewe. Humu ndani wote tulikuwa na saruji tupu. Nyekundu alikuwa nayo mwenye nyumba peke yake."

"Chumba cha mwenye nyumba kilikuwa nyuma kabisa," fundi akasema.

"Nyuma wapi?" msimamizi akauliza. "Mama, hapa ni mbele. Barabara ilipita hapo."

"Mbele si hapa."

"Mbele ni hapa." Akatoa simu, akatafuta picha, akamwonyesha. "Hii ndiyo nyumba yenyewe. Mji mzima unaijua picha hii. Roshani hii hapa, mlango mkubwa huu hapa chini yake, barabara hii hapa. Kizingiti ni hikihiki."

Fundi akaitazama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaiona nyumba yao kama walivyoiona wapita njia. Ilikuwa nzuri kweli. Hakuijua.

"Mlango huo ulikuwa haufunguliwi," akasema taratibu. "Mwenye nyumba aliupiga misumari sisi hatujazaliwa. Ule ulikuwa wa kupigiwa picha. Watu tuliingilia uani."

"Kwa hiyo ukisema mbele..."

"Ninasema uani. Mama akituambia nendeni mkacheze mbele, tunakwenda uani. Mgeni akibisha mbele, amebisha uani. Huku barabarani kwetu kulikuwa nyuma."

Msimamizi akashusha simu. "Nyumba yote ya watu mmeigeuza."

"Hatukuigeuza. Tuliikuta hivyo."

Fundi akatazama nyuzi zake zilizolala juu ya kifusi. Kila fundi wa nguo analijua kosa lile. Unatandika kitambaa meza nzima, unakata kwa uangalifu wote, kumbe upande uliouangalia ulikuwa wa ndani. Mkono wa kulia unatoka wa kushoto, na hakuna uzi wa kulirudisha gauni hilo.

"Nimekata kwa ndani," akasema. "Mama yuko upande wa pili."

Honi ikalia getini.

Gari la kwanza la zege lilikuwa limesimama, tumbo lake linazunguka. Nyuma yake la pili. Mlinzi akawa anafungua mabati.

"Bosi," Jino akasema, "zege halingoji mtu."

Msimamizi akatazama magari, akamtazama fundi, akayatazama tena magari. Mtu angesema anahesabu kazi yake inavyomtoka.

"Leo litangoja," akasema. Akampigia kelele mlinzi: "Funga hapo. Waambie wazungushe tu."

"Nikiulizwa kwa nini?"

"Sema bosi amekwenda msalani."

Wakakimbia kuufuata uzi. Kinyozi mbele, hasemi tena twende nyumbani, gurudumu linarukaruka mkononi mwake. Ukumbi ule waliokuwa wanakimbizana utotoni wakaupita wote, chumba cha mapacha, cha mkoromaji, wapi tena, wapi tena, mpaka hatua za ukumbi walizozijua zilipokwisha. Hapo fundi akapiga magoti, akaanza kufukua kwa mikono.

"Subiri sepetu, mama."

Hakusubiri. Vidole vikagonga jiwe. Akalifagia kwa kiganja. Halikuwa zuri kama lile la kwanza. Lilikuwa limelika katikati, limebonyea kama mto uliolaliwa miaka na miaka. Akasimama, akavua kiatu, akaweka mguu.

Mguu ukalala.

Machozi yalimjia hapo, wala hayakuwa bado ya mama yake. Yalikuwa ya jiwe. Watu wangapi walipita hapa na ndoo, na watoto mgongoni, na jeneza la baba yao, wakakanyaga palepale, na wageni walipiga picha upande ambao hakukuwa na mtu.

"Kushoto," akasema. "Ukiingia, kushoto. Hapa."

Jino alikuwa ameshaisogeza mashine. Akaitazama sehemu ile, akazima injini, akashuka.

"Kwa mashine siwezi," akasema. "Kama kweli kuna mama, siwezi. Nipeni sepetu."

Wakachimba wanaume watatu, msimamizi naye amekunja mikono ya shati. Fundi alikuwa anaokota mawe na kuyatupa nyuma yake kama kuku anayeparua. Kifusi huku kilikuwa cha vipande vikubwa. Wakaondoa boriti, wakaondoa kipande cha ukuta chenye rangi ya bluu, na fundi akaijua bluu ile, akakigusa, akakiacha.

Kisha sepetu ya Jino ikatoa mlio mwingine. Mlio wa kitu chenye uwazi chini yake.

Wakatazamana.

"Taratibu," msimamizi akasema.

Ngazi haikuvunjika vipande. Ilianguka nzima, ikakilalia kistoo kama kifuniko. Chini yake, pembeni, udongo ulipoondolewa, ukatokea ubao. Ubao mwingine. Fremu. Mlango mdogo wa mbao nzito, ulioinama kidogo, lakini umesimama.

Kinyozi akarudi nyuma hatua. Fundi akasogea mbele.

"Mama," akaita. Alijua ni upuuzi, akaita hivyohivyo. "Mama, ni mimi."

Msimamizi akapiga goti, akapangusa vumbi kwenye mlango kwa mkono. Mkono ukatulia mahali pamoja. Akapangusa tena. Halafu akageuka, uso umefunguka kama wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Mama, tazama hapa. Komeo."

"Nini?"

"Komeo liko kwa nje, na limefungwa. Umeona? Limesukumwa mpaka mwisho. Mtu hawezi kuingia ndani akajifungia komeo kwa nje. Humu hakuna mtu. Kama mama yenu aliingia nyumba hii, hakuingia humu."

Fundi akatazama. Ni kweli. Chuma kimepita kwenye pete yake, kimekaa imara, kina kutu.

Akakaa palepale kwenye kifusi. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, na wenzake wakadhani analia, kumbe anacheka. Alikuwa hajacheka tangu nyumba ilipoanguka na kicheko kilimtoka vibaya, kama mashine isiyotiwa mafuta.

"Yupo," akasema. "Yupo mahali. Atakuwa amekaa kwa watu, anawasumbua na chai yake isiyo na sukari. Jamani, yule mama muuza vitunguu, nitakwenda kummwagia mafungu yake yote. Mdogo wangu, umesikia? Kesho tuanze na zile hospitali za upande wa pili wa mji. Kule hatukufika."

Jino akachomeka sepetu ardhini, akajifuta jasho, akatabasamu na pengo lake. Msimamizi akawa ameshainua mkono kuwaita watu wa zege.

"Dada."

"Niache nicheke kidogo, mwenzio nimechoka."

"Dada."

Sauti ile ikamfanya ageuke. Kinyozi alikuwa amesimama mbali na mlango, mikono imeshika aproni, anaikunja, anaikunjua.

"Komeo hilo siku ile lilikuwa wazi."

"Siku ipi?"

"Nilipokuwa nakagua. Nilimaliza vyumba vyote, nikapita hapa. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Upepo unaupigapiga. Nikasema, mbona kelele." Akaikunja tena aproni. "Nikalisukuma mimi."

Mkono wa msimamizi ukashuka taratibu.

"Ulitazama ndani?" fundi akauliza.

"Kulikuwa na giza. Na yule mtu aliyetumwa na wavunjaji kuchukua funguo alikuwa ananihimiza. Lakini niliita, dada. Nakuapia niliita. Nikasema, kuna mtu humu? Nikangoja. Hakuna aliyejibu."

"Uliita umesimama wapi?"

"Hapo mlangoni."

"Mama alikuwa anasikia pale tu ukiinama ukamshika uso," fundi akasema. Hakuinua sauti. Alisema kama anayemkumbusha mtu njia. "Ungesimama mlangoni ukaita mpaka kesho, angesikia kwa sikio gani?"

Kinyozi akachuchumaa, akaificha sura yake ndani ya aproni, ile yenye nywele za watu.

Getini matumbo ya zege yalikuwa yanazunguka, yanazunguka. Msimamizi akavua kofia, safari hii hakuirudisha kichwani.

Fundi akasimama. Akajipangusa mikono kwenye sketi, pande zote mbili, kama anavyofanya kabla hajagusa nguo nyeupe ya mteja. Akalishika komeo akalivuta. Kutu ilikuwa imelishika, halikwenda.

Akageuka kumtazama mdogo wake.

"Inuka."

"Siwezi, dada."

"Inuka uje. Ni mama yetu wote."

Ikachukua muda. Kisha Kinyozi akainuka, akaja akiwa amefumba macho, akaweka mkono wake juu ya mkono wa dada yake. Wakavuta pamoja. Chuma kikalia, kikakataa, kikalia tena, na mara kikaanza kusogea.

Komeo hilo likiwa bado mikononi mwao, wenzangu mnaoishi na wazazi waliozeeka, epukeni haya:

Kuhama nyumba bila kumpa mzee mtu wake mmoja, ambaye siku hiyo habebi kitu kingine chochote.

Kudhani yuko na mwenzako. Muulize mwenzako akiwa bado anaonekana, msingoje jioni.

Kumtafuta mzee kwa mdomo. Ingia mpaka kwenye kona, papasa kwa mikono.

Kufunga mlango wa mahali ambapo hujaingia, hata kama ni stoo, hata kama kuna mtu anakuhimiza.

Kusema mbele au nyuma ya nyumba kwa mtu asiyeishi humo, bila kumuuliza kwake mbele ni wapi.

Kuucheka uvumi unaomhusu mama yako kabla hujaufuata mpaka mwisho wake.

Kumwachia mdogo wako kukagua peke yake, halafu kumwacha peke yake na alichokikuta.